Tunangoja matokeo ya Exetat: tusiuze mbegu, tusimwache mtoto peke yake

Mwisho wa mwezi wa saba tulikuwa na mkutano na kooperative moja ya wakulima wa maharagi. Neno la siku lilikuwa mbegu za msimu A: nani anahitaji kilo ngapi, na nani atalipa lini. Mama mmoja alikuwa ameketi karibu na mlango, simu mkononi. Kila simu ilipolia, alitoka. Alipotoka mara ya nne, mwenyekiti akamuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Akajibu: «Hapana, muzee. Ni matokeo ya mutoto. Wanasema yatatoka leo.»

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Tulipoulizana, tukakuta watu saba ndani ya ile nyumba walikuwa na mtoto ao mjukuu aliyefanya Exetat mwaka ule. Siku ile matokeo hayakutoka, na orodha ya mbegu nayo haikuisha.

Ndiyo maana leo, pembeni ya habari za mbolea na bei za soko, tunaandika juu ya kungoja. Kuna atakayesema: «Agronome, mambo ya shule yanakuhusu nini?» Yanatuhusu, juu kungoja huku kunaangukia shamba. Tumeona nyumba zikipoteza msimu mzima katika zile wiki chache za kungoja, na tumeona vijana wenye nguvu wakikonda kama mhindi uliokosa mvua.

Kalenda mbili zinazogongana

Wazazi wengi wanajua mambo haya, lakini tuyapange. Mwanafunzi wa kalasi ya mwisho ya sekondari anaanza na hors-session: insha, mtihani wa mdomo wa kifaransa, na kwa sehemu za ufundi, kazi za mikono. Kisha inakuja session ordinaire, siku nne. Karatasi zinapelekwa kusahihishwa mbali na shule yake. Kuanzia hapo mwanafunzi hana tena la kufanya. Anangoja.

Matokeo hayatoki siku moja kwa nchi yote. Yanatoka mkoa kwa mkoa. Leo wa mkoa wa jirani wanapakwa poda na kuimbiwa barabarani, kesho ni kimya, keshokutwa mtu anasema amesikia kwa redio kwamba zamu yetu imefika, kumbe bado. Kijana anaandika kode yake kwa simu mara kumi kwa siku. Mahali ambapo hakuna mtandao, anapanda mlima kutafuta mtandao. Na pale ambapo vita imefunga njia, kungoja kunakuwa kurefu zaidi.

Mwenye kupata asilimia 50 ao zaidi anapata diploma ya Serikali. Lakini kungoja hakuishi hapo. Kuna fakulte zinazotaka asilimia kubwa kuliko hiyo, na kuna vyuo vinavyofanya mtihani wao wa kuingia. Kijana anapeleka dosie, kisha anarudi kila siku kutazama valve kama jina lake limebandikwa. Hiyo ni kungoja kwa pili, na mara nyingi inauma kuliko ya kwanza, maana sasa kuna mlango mbele yake na hajui kama utafunguliwa.

Sasa tazameni kalenda ya shamba. Kwetu huku milimani Kivu, maharagi ya msimu B tunayavuna kuelekea mwezi wa sita. Mwezi wa saba magunia yako ndani ya nyumba, na bei iko chini, maana kila mtu anauza. Katikati ya mwezi wa kenda mvua inarudi na tunapanda msimu A. Hapo mbegu inakuwa ghali, maana kila mtu anatafuta.

Kwa hiyo wakati wa hofu kubwa ya shule ndio wakati ule ule ambapo gunia liko karibu na bei ni mbaya. Mzazi hawezi kuharakisha matokeo. Kitu anachoweza kufanya ni kuuza, na kuuza kunampa moyo kwamba amefanya jambo kwa ajili ya mtoto. Hapo ndipo nyumba nyingi zinajikwaa.

Nyumba moja tuliyoifuata

Tulifuata nyumba moja, jina lake tunaliacha. Kijana alimaliza sekondari, sehemu ya ufundi wa kilimo. Mwezi wa saba, kabla ya matokeo, akaja mtu aliyejisema ana ndugu ndani ya ofisi. Alitoa maneno mawili: kwamba nafasi za chuo zinaisha mapema, na kwamba anaweza «kusukuma» matokeo ya kijana yasije kuanguka. Aliomba franga.

Wazazi hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kungoja. Mama alituambia baadaye: «Agronome, nilikuwa siwezi kulala. Nikisikia mutoto anageuka kitandani, na mimi nageuka. Nikaona heri nilipe, nipate usingizi.» Waliuza maharagi yote, pamoja na yale ya mbegu yaliyokuwa yamechaguliwa na kutiwa majivu.

Wiki tatu baadaye matokeo yalitoka. Kijana alikuwa amepita, na asilimia nzuri. Alikuwa amepita kwa kazi yake, maana yule mtu hakuwa na ndugu ofisini wala hakuwa amesukuma kitu. Simu yake haikupatikana tena. Poda ilimwagwa, watu walicheza, na usiku ule ule baba na mama waliketi kuhesabu na kukuta hakuna pesa ya kujiandikisha.

Mwezi wa kenda walinunua mbegu sokoni kwa deni. Ilikuwa ya mchanganyiko: nyeupe, nyekundu, za kupanda juu ya miti na za chini, zote pamoja. Nyingi hazikuota. Mavuno ya mwezi wa kwanza yalilipa deni tu. Kijana aliyepita vizuri alikaa nyumbani mwaka mzima.

Tunaelezea habari hii si kwa kumcheka mtu. Tunaielezea juu kila hatua yake ilikuwa na sababu, na kila mmoja wetu angeweza kuifuata. Mtihani haukumwangusha yule kijana. Kilichomwangusha ni zile wiki tatu za kungoja.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Bei tunazoandika ni za mfano tu; ninyi wekeni za soko lenu. Tuseme nyumba inahitaji 150 000 FC kwa kuanza chuo. Mwezi wa saba kilo ya maharagi ni 1 500 FC: itabidi kuuza kilo 100. Kuelekea wakati wa kupanda kilo ni 2 500 FC: kwa pesa ile ile utauza kilo 60. Tofauti ni kilo 40.

Sasa, maharagi ya chini yanataka karibu kilo 60 hadi 80 za mbegu kwa hekta moja. Nusu hekta ni kilo 30 hadi 40. Yaani zile kilo 40 ulizopoteza kwa kuuza kwa hofu ni mbegu ya nusu hekta nzima. Na ni hiyo nusu hekta itakayolipa sehemu ya pili ya minervali mwezi wa kwanza ao wa pili. Chuo hakilipwi mara moja tu. Anayeuza mbegu ili mtoto aingie chuoni, mara nyingi anamfungulia mlango wa mbele na kumfungia ule wa nyuma.

Kwa hiyo tunapendekeza magunia yagawanywe siku ya kuvuna, kabla hofu haijaingia. Sehemu ya kwanza ni mbegu: ichaguliwe, ikauke vizuri, iwekwe mbali na jikoni. Sehemu ya pili ni chakula. Sehemu ya tatu ndiyo ya shule, na hiyo inangoja pamoja na mtoto. Iuzwe matokeo yakitoka, ao pole pole bei ikipanda.

Ili ingoje bila kuliwa na vidudu, lazima ikauke. Njia ya chumvi ni rahisi: tia chumvi kavu kidogo na maharagi ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, maharagi bado yana maji, rudisha juani. Chumvi ikikaa chini bila kushika, weka ndani ya mfuko wa PICS, ule wa mifuko mitatu, funga kila mfuko vizuri. Hewa isipoingia, vidudu vinakufa, bila dawa yoyote.

MUSO na AVEC zinaweza kusaidia

Wengi wenu muko ndani ya MUSO ao AVEC. Tunaomba muangalie kalenda yake. AVEC nyingi zinagawana akiba mwezi wa kumi na mbili, kwa ajili ya sikukuu. Ni vizuri kula Noeli, lakini zile ambazo zina wazazi wengi wa mafinalisti zinaweza kupanga mzunguko uishe mwezi wa nane. Hapo pesa inafika wakati matokeo yanafika na mbegu inatafutwa.

Kwa MUSO, mkopo wa shule utoke katika kashe ya kijani, iliyo ya mikopo, na uombwe mapema: mzazi aandikishe ombi mwezi wa sita, lakini apokee tu matokeo yakiwa mkononi. Kashe nyekundu ibaki kwa magonjwa na misiba. Tumeona mahali ilipotumiwa kwa kujiandikisha chuoni, kisha mtu akagonjwa na hakukuwa na kitu.

Na juu ya wale wenye «ndugu ofisini»: hakuna anayesukuma matokeo. Mwenye kuomba franga kwa kazi hiyo ni mwizi, hata akivaa kravati, hata akitoka familia yenu. Pesa ya chuo inalipwa pale chuo chenyewe kinapoonyesha, mara nyingi benki, na unarudi na bordero yenye muhuri. Hakuna bordero, hakuna malipo. Kooperative inaweza kutuma mtu mmoja mwezi wa saba aende vyuoni kwa niaba ya wote, aandike bei, tarehe, na karatasi zinazotakiwa katika dosie. Tikiti moja badala ya kumi, na habari ya kweli badala ya maneno ya njiani.

Mtoto anayengoja

Sasa tuseme juu ya mtoto mwenyewe. Sisi tunaoandika tulingoja pia, kabla ya kuitwa agronome. Tulilala na redio pembeni. Tulijifunza sauti ya kila mlango, tukidhani ni mtu analeta habari. Chakula kilikuwa hakina ladha. Kilichotutesa zaidi ni neno moja la wazazi, ambao walitupenda sana: «Wewe ndiye tumaini letu lote.» Walilisema kwa kututia moyo. Sisi tulisikia kwamba tukianguka, nyumba yote imeanguka.

Hivi karibuni msichana mmoja wa miaka kumi na nane alituambia jambo lile lile: «Nikianguka, baba hatasema kitu. Atanyamaza tu. Ile kimya yake njo naogopa.» Na alikuwa na hofu nyingine. Wakati alipokuwa anangoja, watu walikuwa wamekuja tayari kuongea ndoa. Kwake matokeo hayakuwa namba tu. Akikosa asilimia chache, maisha yake yangeamuliwa na wengine.

Baba yake, mwanamemba wa kooperative, tulimpelekea maneno haya kwa ruhusa yake. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: «Sikujua kimya changu kinapiga kelele hivyo.» Jioni ile alimwita binti yake, akamwambia mbele ya mama yake: «Mama, upite ao uanguke, mwaka huu hakuna ndoa. Ukianguka utarudia. Mbuzi yule mwenye doa ni wa kazi hiyo.» Matokeo yalipotoka, msichana hakuwa amepita. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kuuliza namna ya kurudia. Inawezekana, shuleni ao kama autodidakti. Mwaka uliofuata alipata diploma.

Hatusemi maneno ya baba ndiyo yaliyompitisha. Tunasema yalimfanya aweze kusimama siku ya tatu. Na yalisemwa kabla ya matokeo. Yangesemwa baadaye, angedhani ni huruma tu.

Kazi ya kungojea

Mwenye kupanda kahawa anajua kungoja. Mbegu yake inakaa chini ya udongo wiki sita, wakati mwingine nane, kabla ya kuonekana. Anayeifukua kila siku kuangalia kama inaota anaiua. Lakini hakai bure: anamwagilia kitalu, anarekebisha kivuli, anaondoa majani mabaya. Mtoto naye apewe kazi, lakini kazi ya maana, yenye mwisho, isiyo adhabu. Kumwambia «uende ulime, shule imeisha» ni kumtangazia kwamba ameanguka kabla ya wakati. Hizi hapa kazi tulizoona zikifaa:

Kupima mbegu. Kijana achukue mbegu 100 za maharagi ya nyumba, azifunge ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, asiache kikauke. Baada ya siku saba ao nane ahesabu zilizoota. Zikiwa 80 ao zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 60, mtaongeza mbegu shambani ao mtatafuta nyingine. Kooperative inaweza kumpa apime mbegu za wanamemba wote. Ni kazi ya elimu yake, na inaleta faida kweli.

Kupima mashamba. Wengi wetu tunasema «shamba kubwa» ao «shamba ndogo» bila kujua meta ngapi. Finalisti wawili wenye kamba ya meta 50 na daftari wanaweza kupima mashamba ya kijiji katika wiki mbili. Baada ya hapo kila mmoja atajua anahitaji kilo ngapi za mbegu.

Kuandika hesabu. Daftari za kooperative nyingi ziko nyuma. Kijana aliyesoma biashara anaweza kuzipanga upya pamoja na mtunza pesa, na alipwe kidogo. Pesa hiyo iwe yake, ya kuanza chuo.

Yule kijana wa nyumba ya kwanza, aliyekaa mwaka mzima, alifanya kazi hii ya tatu. Mwaka uliofuata alijiandikisha. Hakuna mbegu iliyouzwa.

Dalili za kuangalia, na ufunguo mmoja

Kukosa usingizi siku chache, kukosa hamu ya kula, hasira ndogo: haya ni ya kawaida wakati wa kungoja. Lakini mtoto akikaa peke yake siku nyingi, akigawa vitu vyake, akisema yeye hana maana ao kwamba matokeo mabaya yakija hataishi, musichukue kama maneno ya utoto. Ketini naye. Muulizeni waziwazi, kwa upole. Kumuuliza hakumpi wazo baya. Kunampa mahali pa kulitua. Asiachwe peke yake, na apelekwe siku ile ile kwa muuguzi wa kituo cha afya, pamoja na mtu anayemwamini: shangazi, mjomba, mwalimu, mchungaji.

Kuna jambo moja ambalo sisi maagronome lazima tuliseme, maana sisi ndio tunaoleta vile vitu kijijini. Dawa za kuua vidudu vya mimea zisikae chini ya kitanda wala pembeni ya chumvi. Zifungiwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mzima mmoja. Tunalisema kila mwaka kwa ajili ya watoto wadogo. Tunalisema leo pia kwa ajili ya wakubwa, katika wiki hizi za matokeo. Nyumba isiyo na sanduku ipeleke dawa kwenye depo ya kooperative, itunzwe pale mpaka siku ya kupuliza. Na akipatikana mtu aliyekunywa dawa, kimbieni kituo cha afya pamoja na chupa yake. Musimpe maziwa, musimtapishe.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila kamati iweke jambo hili katika mkutano wa mwezi huu, dakika kumi tu. Muulizane: ni nyumba ngapi zinangoja matokeo? Mbegu za nyumba hizo ziko salama wapi? Nani atakwenda kuuliza bei za vyuo? Vijana hao watapima mashamba ya nani?

Na mzazi akirudi nyumbani siku ile, asiseme mengi. Amwambie mtoto neno moja la kweli juu ya kitu kitakachofanyika akipita, na neno moja la kweli juu ya kitu kitakachofanyika asipopita. Akishajua njia zote mbili, mtoto anaweza kulala. Na mzazi naye.

Yule mama wa mlangoni, matokeo ya mtoto wake yalitoka siku kumi na moja baada ya mkutano. Alitupigia simu usiku, kelele za watu zikiwa nyuma yake. Tulipompongeza alicheka, kisha akauliza: «Agronome, ile orodha ya mbegu bado iko wazi? Muniandikie kilo ishirini.»